Nitaanza Baada ya Harusi

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno matamu, ambayo mengine niliyasikia pia siku tulipomuaga fundi bomba. Sikuchukia. Mtu anayestaafu hupewa maneno yaliyopo. Lakini yule binti wa kliniki ya lishe alinifuata hadi getini akaniambia, "Sista, uliyoyaona usiondoke nayo. Tuandikie." Nimelikwepa ombi lake muda mrefu. Sasa mvua imenifungia ndani, kahawa imeshachumwa, mlima umejifunika wiki nzima, na visingizio vimekwisha.

Vyeo sitavigusa. Vilikuja kwa kuchelewa, na kila kilipokuja nilipewa funguo nyingi zaidi za kupoteza. Nataka kuwaandikia juu ya vitamini. Najua mtacheka. Na sisi tulicheka, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Nilianza kazi enzi za ruksa, nikiwa msichana wa Kimeru niliyetoka kwenye migomba ya baba yangu nikiwa na viatu vya kuazima. Hospitali ilikuwa hii hii ya misheni mnayoijua, hapa mteremkoni, ila haikuwa na ghorofa wala jenereta ya kuaminika. Siku ya kwanza sikupewa mgonjwa. Nilipewa sufuria. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na sindano ikibutuka tunainoa kwenye jiwe. Vidonge vilikuja ndani ya makopo makubwa ya bati, tunavihesabu kwa kisu juu ya sahani, kisha tunavifunga kwenye vipande vya magazeti ya zamani. Mtu alikwenda nyumbani na dawa ya minyoo iliyofungwa ndani ya hotuba.

Kopo ambalo halikuisha kamwe ni la vitamini, vile vidonge vya njano vyenye harufu ya kukaa sana stoo. Dawa ya malaria ilikwisha, ya kifua ilikwisha, vitamini zilibaki. Kwa hiyo aliyefika tukiwa hatuna dawa yake tulimpa hizo. Tuliziita za kumpoza. Bibi ametembea kutoka Olmotonyi, goti limevimba, huwezi kumrudisha mikono mitupu: mpe za kumpoza. Na wagonjwa hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu akipewa vya njano, hakuna dawa. Tuliwafundisha hivyo sisi wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa tabasamu.

Aliyekataa jina hilo alikuwa mmoja tu, Mama Nanyaro, muuguzi mkuu wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno, na viatu vyake vya raba vilimfikisha nyuma yako kabla hujaficha chai. "Vitamini si peremende," alisema. Alikuwa ameuguza watu miaka ya njaa, alijua mwili unavyokuwa ukikosa kitu kidogo kisichoonekana. Ndiye aliyenifundisha kumpokea mgonjwa. "Mwambie atoe ulimi, kisha mwambie avue viatu. Hapo katikati atakudanganya."

Ulimi wa aliyepungukiwa hulainika, ukang'aa, ukawa mwekundu bila vile vinyweleo vyake. Miguu huanza kwa ganzi. Mama Nanyaro alimfumba mgonjwa macho, akachukua kipande cha pamba, akamgusa kidole cha mguu na kumuuliza amemgusa wapi. Alikuwa pia na kile chuma cha mikono miwili kinachovuma ukikigonga. Alikisimamisha juu ya kifundo cha mguu na kuuliza kama mtu anasikia mtetemo. Alinirithisha alipostaafu. Kiko kwenye droo ya kushoto ya chumba cha sindano. Msikitumie kufungulia soda.

Kisha soko likafunguliwa. Mjini Arusha maduka ya dawa yaliota kila kona, na vitamini zile zile tulizokuwa tukizifunga kwenye magazeti zikawekwa kwenye chupa zenye picha za wazungu wanaokimbia. Wenye nazo walinunua, wasio nazo waliendelea kuja kwetu wapozwe. Watu waliokuwa na akili ya biashara waliruka Dubai na kurudi na mizigo, na kati yao wengi walikuwa ndugu zetu wa Kilimanjaro. Mmoja ni huyu ninayetaka kumsimulia. Alikuwa na duka la vitenge na vyombo karibu na soko kuu, nyumba Lemara, na binti mmoja aliyeitwa Glory. Nasi tulimwita Mama Glory.

Lakini kabla yake lazima niseme juu ya miaka ya mazishi, kwa kuwa ninyi mlikuwa watoto. Ukimwi ulipita hapa ukabeba watu kila kijiji. Tulizika Jumamosi, tukazika Jumapili baada ya ibada, na sababu ya kifo iliyosomwa kaburini ilikuwa ni malaria au kifua. Katika miaka hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukonda. Ukikonda kwa mawazo, kwa vidonda vya tumbo, kwa kulima, watu walisema umekanyaga waya, maana yake umeshaupata. Mwanamke mwenye akili alihakikisha nguo zinambana.

Mume wa Mama Glory alifia wodini kwangu, kwa kifua, na nikisema kifua namaanisha kifua. Ndipo tulipojuana. Baada ya msiba alikuja akaomba apimwe. Damu nilimtoa mimi, alikuwa salama. Lakini majibu ya kipimo huwezi kuyavaa shingoni. Watu wa mtaa na wa kanisa walimchungulia muda mrefu wakisubiri akonde. Hakukonda. Alinenepa, akanenepa tena, hadi akawa anapita mlangoni kwa ubavu, na minong'ono ikanyamaza. Unene ule ndio uliokuwa cheti chake.

Cheti kilimgharimu. Sukari ilipanda, presha ikapanda, magoti yakakataa ngazi za kanisa. Akilala chali alikosa pumzi. Mdogo wake wa kiume aliyekuwa akiishi Afrika Kusini alimwambia kuna madaktari huko wanaopunguza tumbo kwa kisu. Mama Glory aliwaaga akina mama wa kanisani kwamba anafuata mzigo, akaondoka. Aliporudi alinifuata Sombetini, kwenye chumba nilichopanga wakati huo, akakaa kitandani kwangu kwa kuwa viti sikuwa navyo vya kutosha. Alifungua mkoba, akamimina chupa juu ya shuka.

"Sista, hizi ndizo nitakazokula mpaka nife. Wamesema nisipokula, nitaharibika. Nisaidie nizielewe."

Tukazipanga. Tumbo lake lilikuwa limebaki dogo kama ngumi ya mtoto, na utumbo umeunganishwa kwa njia ya mkato ili chakula kisikae. Njia ya mkato huacha vitu njiani. Hata angekula vizuri, mwili usingenyonya vya kutosha. Ilikuwa lazima viongezwe kila siku. Vidonge vya vitamini mchanganyiko asubuhi. Vidonge vya damu mbali na chai ya maziwa, kwa sababu hivyo viwili havikai nyumba moja. Kalsiamu jioni, isikutane na vya damu. Na kila mwezi sindano ya B12, ile nyekundu kama soda ya zabibu. Nilimwambia pia kwamba akitapika siku mfululizo asisubiri, aje, kwa sababu B1 haina ghala mwilini. Ikikosekana wiki chache tu, kinachoguswa ni miguu, macho na akili. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Na watu utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Sitawaambia."

"Watakuona unakonda."

"Sista, mwaka huu mahindi yamekauka Arumeru nzima. Kanisani tunachangia unga. Nisimame niseme nimepanda ndege nikakatwe tumbo nisile?" Akacheka, kisha akaacha. "Apa kwamba hutasema." Nikaapa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kunitia woga. Sukari ilishuka. Alipanda ngazi za kanisa akiimba. Alikula vijiko vichache vya mtori, akashiba, na vidonge alimeza kila kimoja kwa saa yake. Miezi ikapita, gauni likalegea, shingo ikaonekana, na watu wakaanza kuhesabu. Hao ndio watu waliomzika mumewe. Alisema ana dawa za presha, wakasema presha gani ya mtu aliyekonda. Alisema anafunga na kuomba, wakamwombea kwa sauti, jina likitajwa.

Ilikuwa pia ni wakati vidonge vya kurefusha maisha vilipoanza kutolewa bure hapa kwetu. Neema ya Mungu, nimeona watu wakifufuka kitandani. Lakini jambo moja liliingia vichwani mwa watu na halikutoka: dawa ya kumeza kila siku hadi kufa ni ya ugonjwa mmoja. Mtu ukisikia chupa inalia ndani ya mkoba wa mwenzako, umeshajua. Wagonjwa wetu waliweka pamba ndani ya chupa ili vidonge visigongane. Mama Glory naye alianza kuniomba pamba.

Kliniki ya dawa hizo iliwekwa mwisho wa baraza, na nje yake benchi la kijani. Chumba cha sindano kilikuwa mlango unaofuata. Hakuna aliyekaa kitako na kupanga kwamba anayesubiri sindano nyekundu akae benchi la kijani, ila ndilo benchi lililokuwepo. Mama Glory alikaa hapo mara mbili tatu, akiwa na miwani myeusi ambayo ilimfanya atazamwe zaidi. Kisha akaacha kuja. Nikaanza kumpelekea sindano Lemara baada ya zamu yangu. Nako, sare yangu ikawa tatizo, kwa sababu wakati huo tulikuwa na wauguzi waliopita majumbani kuwahudumia wale wale wa benchi la kijani, na jirani zake walitujua kwa sare. Kila mlango tuliofungua ulitokea kwenye chumba kile kile.

Sasa akatokea mchumba. Kijana wa Machame, msomi, familia ya kanisa, walimpenda Glory na Glory alimpenda. Wazee wakaja, mbege ikanywewa, siku zikapangwa. Mama Glory aliishi kwa ajili ya jambo hilo. Alikuwa amemlea binti yule peke yake, kwa duka, kwa magoti mabovu, na alitaka amkabidhi kwa watu akiwa amenyoosha shingo.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Marangu kusaidia maandalizi. Aliitwa Mama Elinami. Msimfikirie vibaya. Ni mwanamke aliyepika kwenye misiba ya nusu ya ukoo, na wengi aliwaosha kwa mikono yake wakati ndugu zao waliogopa hata kuwagusa. Alipokuwa akipanga shuka chumbani kwa Mama Glory alizikuta chupa, zimefungwa na kanga, na pamba ndani. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaketi karibu naye, akamshika mkono. Nilisimuliwa na Mama Glory mwenyewe, wiki ile ile.

"Aliniambia, 'Wifi, mimi si mtu wa kusema. Kaka yangu nilimuuguza, najua. Lakini wakwe wana macho. Wakiziona hizi, mtoto anarudi nyumbani.' Nikamwambia ni vitamini. Akasema, 'Ndiyo, wifi. Ni vitamini.' Sista, alivyosema!"

"Mwambie ukweli wa upasuaji."

"Nimemwambia. Akasema wote wana hadithi, na yangu ni nzuri."

Nilimsihi. Nilimwambia tuvihamishie vidonge kwenye kopo la majani ya chai, avimezee dukani, avimezee chooni kama ni lazima. Alinisikiliza akikunja vitenge vya sare ya harusi. Kisha akasema neno ambalo ningependa nilisahau.

"Nitaanza baada ya harusi. Glory aolewe kwanza. Na wewe, Sista, nisamehe, usije nyumbani hadi siku hiyo."

Mniruhusu niseme wazi: nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, wifi, wakwe ambao sikuwa nimewaona, na lile kopo la vidonge vya njano. Kwa sababu moyoni mwake, nilijua, vitamini zilikuwa bado zile za kumpoza. Kama angekuwa anameza dawa ya moyo asingethubutu kuacha. Vitamini mtu anaona ataziacha kidogo, kama anavyoacha sukari kwenye chai.

Nilikwenda kwenye sendofu ya kumuaga Glory kwa sababu nilialikwa, na kwa sababu nilitaka kumwona akitembea. Ukumbi ulikuwa mjini, umepambwa kwa vitambaa vya zambarau. Wakwe walikuwa wameketi mbele, wametulia. Mshereheshaji aliita, "Mama mzaa chema aingie na jeshi lake," muziki ukalia, na akina mama wakaingia wakicheza kwa mistari, Mama Glory katikati. Wengine walitazama gauni. Mimi nilitazama miguu. Alikuwa akiinua kila mguu juu kuliko inavyohitajika na kuutua kwa kishindo, macho chini, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama Nanyaro alinifundisha mwendo huo. Ni mwendo wa mtu asiyeisikia ardhi, anayelazimika kuitazama ili ajue ipo.

Katikati ya zulia kiatu cha kulia kikachomoka. Yeye akaendelea. Hakugeuka, hakusita, mguu mmoja wenye kiatu na mwingine wa soksi, akicheza, akitabasamu. Hakujua. Mshereheshaji akasema, "Mama amefurahi mpaka kiatu kimeomba kupumzika," na ukumbi ukacheka, naye akacheka pamoja nao kwa kuwa aliona wengine wanacheka. Nilitoka mezani nikakiokota. Nilipopiga magoti kumvalisha, nilimfinya kidole cha mguu kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. Aliendelea kuwapungia mkono wageni.

Kisha ikaletwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, majani mdomoni. Ninyi mnaijua desturi: wazazi wa pande zote mbili hulishana mbele ya watu. Mama mkwe alikata kipande kikubwa, cha heshima, akamsogezea. Nilimwona Mama Elinami meza ya pili, mikono kifuani, midomo ikitembea bila sauti. Mtu mwenye ule ugonjwa, kwa imani ya wakati ule, nyama ilimshinda. Ukumbi wote ulikuwa unangoja uone kama atakula. Mama Glory alipokea, akatafuna muda mrefu, akameza chote, akafungua mdomo kidogo aonyeshe kwamba kimeisha. Wakampigia vigelegele. Mama mkwe akamkumbatia.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria, ameshika ukuta, anatapika. Nikamuuliza hali hii imeanza lini. Akasema siku nyingi, karibu kila akila.

"Twende hospitali sasa hivi."

"Jumamosi ndiyo harusi, Sista. Umeona lakini? Nimekula. Wameniona nimekula."

Glory aliolewa Jumamosi hiyo huko Machame, na mama yake alisimama kwenye picha zote akiwa ameshikwa mikono pande mbili. Siku chache baadaye Mama Elinami alimleta kwetu kwenye gari la jirani. Macho yake yalikuwa yakicheza upande kwa upande, hayatulii. Hakuweza kusimama. Alinisalimia kwa jina la mama yake mzazi. Daktari wa zamu, Daktari Swai, kijana makini, hakuwa amefika hata kitandani Mama Elinami alipomvuta kando.

"Daktari, sisi si watoto. Mwanzishie tu zile dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Daktari aliagiza kipimo, kikasema hana. Mama Elinami akaomba kirudiwe, kikasema hana. Alitikisa kichwa kwa upole. Methali ile ni ya kweli kwa watu wengi niliowauguza, ila haikumhusu huyu. Mama Glory hakuficha maradhi. Alificha dawa.

Kiapo changu nilikivunja pale pale, mbele ya wifi. Nilimweleza daktari juu ya upasuaji, vidonge, kutapika. Hakuniuliza mara mbili. Alijua tatizo, akaandika B1 kwenye mshipa kwa wingi, na ile sindano nyekundu. Nilimchoma mimi. Macho yalitulia baada ya muda mfupi, na tukafurahi, kwa kuwa tulidhani macho ndiyo mwanzo wa mengine. Akanijua. Akamjua Glory. Miguu haikurudi. Na kitu kingine hakikurudi, ambacho tulikigundua asubuhi nilipompelekea vidonge vyake kwenye kikombe kidogo.

Alivitazama, akaangalia mlangoni, akavisukuma chini ya shuka.

"Nitaanza baada ya harusi, Sista," alininong'oneza. "Glory aolewe kwanza."

Nikamwambia Glory ameshaolewa. Alinitazama akiona namtania. Nikamwita Glory, akaja na pete kidoleni na picha zikiwa bado kwenye bahasha ya studio. Mama yake alizishika moja moja. Alipojiona amesimama pembeni ya binti yake, alilia, akauliza kama wakwe walifurahi, akauliza kama yeye alikula. "Ulikula, mama," Glory akasema. Ndipo akameza vidonge, vyote, bila maji ya kutosha. Kesho yake asubuhi alivisukuma tena chini ya shuka.

Kumbukumbu zake zilikuwa zimekatika kabla ya siku ya harusi, na mpya hazikushika. Hilo nalo ni kazi ya B1. Someni, lipo vitabuni, lakini vitabu havitawaambia linavyosikika. Kwa hiyo Glory aliolewa kila asubuhi. Wodini kwanza, kisha Lemara, Glory alipohamia pale na mumewe, ambaye aligeuka kuwa mtu mwema kabisa, asiyejali uvumi, na nina hakika asingejali tangu mwanzo. Hilo lilinichoma kuliko mengine. Picha zilichakaa pembe, zikasafishwa nyingine. Ukimwonyesha picha, anafurahi, anameza. Usipomwonyesha, hamezi. Nilikwenda kila mwezi na sindano, nikiwa na sare, na hakuna aliyenizuia tena.

Niliwafundisha wengi wenu kliniki, na mliona kwamba mgonjwa akipewa dawa ya maisha simuulizi kama ameelewa. Huwa ameelewa. Namuuliza ataimezea wapi, na nani atakuwa ameketi karibu. Mlidhani ni uzee. Muulizeni hivyo hivyo, na mngoje jibu hata kama foleni imefika barabarani. Na benchi lile, niliomba mara nyingi liondolewe. Sasa limepakwa rangi ya bluu.

Mama Glory aliishi hivyo miaka kadhaa, akakonda zaidi, akapata nimonia wakati wa baridi ya Juni, akafa hapo hapo kwetu. Tulimpeleka Marangu akazikwe kando ya mumewe. Turubai lilijaa. Ukafika wakati wa kusoma historia ya marehemu, na Glory alikataa isomwe na mjomba. Alisimama mwenyewe, mjamzito, karatasi mkononi. Alisema mama yake alifanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya unene, kwamba aliambiwa ameze vitamini maisha yake yote, na kwamba aliziacha ili watu wasimseme vibaya kabla ya harusi. "Mama yangu alikufa kwa kukosa vitamini," alisema, polepole, kila mtu asikie. Kwa muda mfupi niliamini kwamba uvumi umekwisha.

Mama Elinami alikuwa ameketi kiti cha pembeni yangu, leso machoni. Aliinama kwangu.

"Mtoto amejitahidi," alisema. "Siku hizi wameupa majina mengi, huo ugonjwa."

"Mama Elinami," nikamwambia, "ilikuwa ni vitamini. Damu nilipima mimi."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, ile tunayowapa ndugu wa mgonjwa wasiotaka kukubali. Akachukua mkono wangu, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, mikono iliyoosha wagonjwa wengi kuliko yangu.

"Pole, Sista," akasema. "Ulimpenda sana."